Taa Mpya za Redio ya Bibi

Juzi, kwenye kibanda cha fundi simu pale Mwanga, niliona redio kuukuu, mgongo wazi, vumbi limelala juu ya taa zake za kioo. Nikainamisha pua. Amini usiamini, mwenzangu, harufu ya nyumba ya bibi Ujiji ikanijia: mbao iliyopata joto, mawese, samaki wa migebuka wa kukaanga.

Miaka ile ya vijiji vya ujamaa, umeme ulikuwa umeingia nyumba chache tu mtaani, na redio ya bibi haikutoa sauti mpaka taa za ndani yake zipate moto. Zilipoungua, alisubiri miezi mpaka mpya zikaja kwa treni. Fundi akazichomeka, akaonya: siku tatu za mwanzo ziwake kutwa nzima, lakini sauti iwe chini kabisa, zizoee. Ukizikurupusha zinakufa.

Bibi alilielewa jambo hilo kwa njia yake. Redio ikawa kama mwanamke aliyejifungua jana. Aliiweka chumbani, akafunga dirisha upepo usiipige, akaniambia mimi mjukuu wake nikae nayo. Wageni aliwapokea uani.

Shida ilikuwa Jumamosi. Mjomba, mwanawe wa kiume wa pekee, aliandika kwamba watu wa redio wamepita kiwandani kwake Dar es Salaam kurekodi salamu za wafanyakazi. Yake ingesikika Jumamosi saa kumi. Miaka minne bibi hakuwa ameisikia sauti hiyo. Chumba cha mjomba alikifagia kila asubuhi. Na Jumamosi ilikuwa siku ya pili ya taa, naye masikio yake yalikuwa mazito.

Jirani, mama wa Kimanyema aliyekuwa akitwanga majani ya muhogo ya sombe uani kwetu, akamwambia afungulie tu, taa ni taa.

"Wewe ulipojifungua," bibi akamjibu, "siku ya pili nilikusimamisha kwenye kinu?"

Jirani akacheka, akauegemeza mchi ukutani. Saa kumi mtaa mzima ulinyamaza kwa ajili ya bibi. Hata karai la samaki liliepuliwa. Nikabandika sikio kwenye kitambaa cha spika. Bibi akakaa mbele yangu, akiutazama mdomo wangu.

Sauti ya mjomba ilikuja nyembamba kama ya mbu. Mama, shikamoo. Mimi mzima. Nimeoa huku, nimepata na nyumba. Usiningoje kurudi.

"Anasema shikamoo," nikamwambia bibi kwa nguvu. "Anasema ni mzima."

"Na nini tena?"

"Basi, bibi."

Akanitazama. "Umesikiliza kirefu, umeniletea kifupi."

Hakuniuliza tena, siku ile wala nyingine. Siku ya nne aliifungulia redio mpaka vikombe vikatetemeka kabatini, na jirani akaja kucheza. Asubuhi iliyofuata akakifagia chumba cha mjomba kama kawaida.

Siku hizi sauti ya mtu huwekwa kwenye simu, ukaisikiliza upendavyo. Ile ya mjomba haikuwekwa popote. Mtaa mzima ulinyamaza ili imfikie mama yake, ikaishia kwangu. Bibi hayupo, mjomba hayupo, na maneno yale ya mwisho bado ninayo mimi, hayajafika.