Natafuta bima nafuu ya dereva mpya: Tate na mimi tumeishia kwenye mnyororo wa shamba

Wakuu wa bweni, salaam kwenu nyote.

Mimi ni yule wa kitanda cha dirishani, nisiyenyanyua mkono kwenye mdahalo. Mbele za watu sauti yangu haitoki. Lakini daftari hili linazunguka kitanda kwa kitanda, kila mtu anaandika lake na wenziwe wanamjibu chini, basi leo na mimi nimelishika. Nitaandika yaliyotokea, hata yale yanayonitia haya. Mengi nimeyatoa kwenye shajara yangu. (Ndiyo, ninayo. Msiitafute.)

Habari yenyewe ni ya gari.

Baba yangu, ambaye sisi Washambaa tunamwita Tate, ni dresa, mfunga vidonda, kwenye zahanati ya shamba la mkonge upande wa Muheza. Mgiriki mmoja, fundi wa kiwanda, alipokuwa anarudi kwao alimwachia Tate gari lake dogo kwa bei ya kirafiki. La kijivu, mlango mmoja unafungwa kwa kamba. Lakini dresa mwenye gari! Kambi nzima ya wafanyakazi ilitoka kulitazama.

Siku ile ile Tate alimpelekea ahadi mama yake, yaani bibi yangu, aliyeko juu Usambara. Kwamba atalipandisha gari hadi uani kwake, amkalishe kiti cha mbele, ampeleke kanisani Jumapili. Tangu hapo kila anayeshuka kutoka huko anatuletea salamu zile zile za Bibi: gari linakuja lini?

Kila mwaka ulikuwa na sababu yake. Mara homa kambini, mara mtu kakatwa na mashine, mara mvua imebomoa njia ya mlimani. Tate hawezi kuacha wagonjwa.

Sasa macho yake yanazimika.

Daktari amesema kisu hakitasaidia. Mwanga bado anauona, na vitu vikubwa anaviona kama vivuli. Kusoma ameacha. Usukani ameuacha mwenyewe, hakungoja kuambiwa.

Mtauliza, kwani mabasi hayapo? Hata mimi nilimuuliza. Akanijibu, "Mwanangu, kule nilitoka natembea mbele ya wenzangu. Leo nishushwe kwenye basi nimeshikwa mkono kama mbuzi wa mnadani?"



Mimi kuendesha nimejifunza kwenye njia za mkonge, Tate akiwa pembeni yangu, tangu miguu haijafika vizuri kwenye breki. Mwaka huu nimetimiza umri, nikafanya mtihani kwa polisi hapa Tanga, nikapata leseni. Nikajisemea, kama Tate hawezi kulipandisha gari, nitalipandisha mimi na yeye atakaa pembeni.

Niliitamani hiyo siku, wakuu, mpaka darasani nikawa simsikii mwalimu. Nilikuwa nawaza kona za mlimani, ubaridi ukiingia dirishani, na Bibi kasimama uani kashika kiuno. Nawaza Tate anavyofungua mlango mwenyewe na kushuka.

Kilichobaki ni bima. Ile ya lazima, ya kumlipa utakayemgonga. Bila hiyo huingii barabara kuu.

Nikaenda ofisi moja mjini. Karani akaigeuza leseni yangu huku na huku. "Hii hata wino haujakauka," akasema. Akanieleza kwamba dereva wa umri wangu wanamwogopa kuliko lori lisilo breki, na kwa hiyo bima yake ni ghali. Akataja bei. Nikamwomba arudie. Akarudia.

Nikasema asante, nikatoka. Njiani ndipo nikaona haya, asante ya nini?

Nikaelekezwa kwa Mzee Hamisi, wakala wa bima mwenye kiofisi Chumbageni. Huyu ni mtu wa kofia safi na maneno mengi. Nilipomwamkia shikamoo aliitikia marahaba ndefu, akanivutia kiti, akaagiza kahawa kabla hajaniuliza shida. Nikamweleza. (Kwa kunong'ona. Ilibidi aniinamie.)

"Baba'ko ana leseni ya siku nyingi?"

"Ndiyo."

"Amewahi kugonga?"

"Kuku, labda."

Akacheka. "Kuku hatumhesabu. Basi sikiliza, mjukuu wangu. Nitakuandika chini ya baba'ko, kwa sharti moja. Kila ukishika usukani, yeye mwenye leseni ya miaka akae ubavuni mwako, akuangalizie njia. Hapo bei inashuka mpaka utaipenda. Mlete atie sahihi."

Niliruka moyoni. Wakuu, nasema kweli, kitu cha macho hakikunijia kabisa. Nilisikia "akae ubavuni" nikaona picha ile ile niliyoizoea, Tate pembeni yangu. Mpaka napanda lori la kubebea robota za mkonge kurudi shambani ndipo likanishika: akuangalizie njia.

Nilipomweleza Tate, akasema, "Twende tukamwone."

Tukaja naye. Kavaa koti lake la kanisani. Mzee Hamisi akampa mkono, na Tate akaupapasa hewani kidogo kabla ya kuupata. Mzee Hamisi aliona. Niliona kwamba ameona. Akajifanya anapanga karatasi.

"Mzee mwenzangu," akasema, "hapa unatia sahihi tu. Mimi sina swali."

Kalamu akamwekea vidoleni kabisa. Nilitaka atie, nisiwadanganye.

Tate akaiweka kalamu chini.

"Mimi sioni," akasema. "Wewe hapo nakuona kama mtu aliyesimama nyuma ya chandarua."

"Lakini sikukuuliza!" Mzee Hamisi akalalamika, kama vile ni yeye aliyeshtakiwa. "Mtu hukuulizwa, wajitaja ya nini?"

"Akimgonga mtoto wa mtu mtakuja kuniuliza. Mtasema dereva mkubwa alikuwa kipofu, karatasi hii haina kazi. Mama wa yule mtoto atalipwa na nani? Mimi nimefunga vidonda vya magari, Bwana Hamisi. Navijua."

Mzee Hamisi alivua kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena. Akasema, "Dresa, umenishinda." Halafu kwa sauti ya chini akatupa mambo mawili. La kwanza, ndani ya shamba njia si za serikali, meneja akiruhusu naweza kuendesha bila bima yoyote. La pili, sharti lake halisemi lazima awe baba. Mtu yeyote mzima, leseni ya siku nyingi, macho mazima, akikubali kuandikwa na kukaa ubavuni mwangu, bei ni ile ile.

Meneja alituruhusu.

Basi Jumapili, baada ya ibada, nampakia Tate tunapita katikati ya mkonge mpaka mwisho wa shamba, penye mnyororo unaofunga njia. Ng'ambo ya mnyororo ni barabara kuu. Nazima injini. Mbele yetu ni milima ya kwetu. Pakiwa peupe, anasema bado anauona ule ukubwa wa mlima.

Jumapili iliyopita akaniuliza, "Mlima umefunguka?"

"Bado, Tate. Una wingu."

"Basi tungoje."

Basi la kupanda milimani likapita mbele yetu na vumbi lake. Tukaendelea kungoja. Wingu halikuondoka.

Nililojifunza, wakuu, kwa yeyote atakayetafuta bima na leseni mbichi: usikubali bei ya kwanza, uliza nani anaweza kuandikwa pamoja nawe. Na usiipate kwa kuficha kitu, hata kama wakala mwenyewe anafumba jicho. Siku ya ajali karatasi hiyo haitamlipa mtu, na hiyo ndiyo siku pekee unayoinunulia.

Sasa ombi langu. Kama kuna mwenye mjomba, kaka au jirani mwenye leseni ya siku nyingi, atakayekuwa na nafasi likizo hii, akubali kukaa ubavuni mwangu kutoka Muheza mpaka juu na kurudi. Chakula na malazi ni kwa Bibi. Tate amesema yeye atakaa nyuma, hana neno.

Ila tusichelewe sana. Bibi ni mzee, na ule ukubwa wa mlima Tate anasema unapungua.

Majibu andikeni hapa chini, na ushauri wowote, hata wa kunikosoa. Utani tafadhali upelekeni ukurasa mwingine. Jumamosi nakwenda nyumbani na daftari hili, na Tate amesema nimsomee kila mtakachoandika.