Hester Kignak na Mluzi wa Anga Nyekundu

Huyu ninayemwandika ni Hester Kignak, binti wa Amos Kignak aliyekuwa wa kwanza kuwachoma chusa nyangumi watatu, mjukuu wa Tuuluk aliyeshona ngozi za mashua zisipitishe hata tone, na mke wa kaka yangu Elias. Mwenyewe alizaa sita, akalea mbwa wasiohesabika, na ndiye mtu pekee niliyepata kumwona akipiga mluzi chini ya mianga ya kaskazini, ile ya rangi inayotanda angani usiku, akabaki na kichwa chake.

Kwetu, pwani ya bahari ya barafu, mtu hapigi mluzi mianga ikiwa juu. Wale ni wafu wanacheza mpira, na mpira wao ni kichwa. Ukiwaita, wanakuja kuchukua chako. Mama zetu walituvutia kofia za makoti mpaka puani, na mtu mzima akitoka, alitoka na kisu. Hayo sikusimuliwa na mgeni. Mimi kisu changu ninacho hadi leo.

Mwaka ule alikuja mtafiti, bwana mrefu jina lake Lindqvist, akafunga juu ya paa la ghala kamera iliyotazama mbingu nzima. Hester akaajiriwa kuibadilishia filamu na kuipangusa theluji. Siku moja jikoni, huku akitafuna ngozi ya nyangumi kwa taabu, Lindqvist alitueleza kwamba jua hutema vumbi lisiloonekana kwa macho, sumaku ya dunia inalivuta huku kwetu, nalo likigonga hewa ya juu kabisa, hewa inang'aa. Kijani iko chini, nyekundu iko juu zaidi.

"Hiyo ya chini iko umbali gani?" Hester akauliza.

"Maili sitini. Haishuki zaidi ya hapo."

"Ulipanda ukapima?"

"Tunapima kwa picha zilizopigwa katika vijiji viwili kwa wakati mmoja."

"Haya baba," nikamwambia, "siku mianga ikikushukia tutazika kiwiliwili."

Hester alicheka mpaka akamwaga chai. Lakini neno moja la yule bwana tulilishika: mianga ikichachamaa, dira hupotoka na redio hunyamaza.

Ikachachamaa Desemba, jua limeshatuaga kwa majira yote ya baridi, mchana nao ni giza. Elias alikuwa ametoka na sleji inayokokotwa na mbwa saba kuwinda sili kwenye barafu ya bahari. Baada ya chakula cha mchana upepo uligeuka, ukavuma kutoka nchi kavu. Upepo huo hukata barafu na kuipeleka baharini pamoja na kila aliye juu yake. Hester akakimbilia redio kuomba ndege kutoka mjini. Ilitatarika kama mafuta kikaangoni, kisha kimya.

Tulipotoka nje, anga lilikuwa jekundu kutoka ukingo hadi ukingo, kama maji ya mahali anapokatwa nyangumi. Nyota zilikuwa zimemezwa. Chini, theluji iliyopeperushwa na upepo ilitufika kifuani, taa za nyumba hazionekani. Wanaume walipiga bunduki, lakini mlio uligonga matuta ya barafu ukarudi kutoka kila upande. Lindqvist alishika dira yake, sindano ikitangatanga.

Hakuna aliyelitamka, lakini sote tulilijua. Amaguk, mbwa wa mbele wa Elias, alilelewa na Hester ndani ya nyumba, na aliusikia mluzi wake kutoka mbali kuliko mlio wowote. Na ule upepo mbaya ungeubeba moja kwa moja hadi kwake.

Mama yetu akamkamata mkono. "Wewe mwanamke, usithubutu! Utawaitia wafu watoto wa watu!"

"Basi waingize ndani, mama. Wote. Na kofia vichwani."

"Na wewe?"

"Mume aliyeko huko ni wangu."

Kisha akanigeukia. "Wifi, ingia na wewe."

"Niingie sifa ubaki nazo peke yako?" Meno yalikuwa yananigongana.

"Basi shika kisu. Chochote kikinigusa shingo, kata."

"Nikate nini, hewa?"

"Kata chochote, ila si shingo."

Akavua glavu, akatia vidole viwili mdomoni. Haikutoka sauti, hofu ilikuwa imemkausha mate. Akarudia. Ukatoka mluzi mrefu, wa kupanda, na palepale chini ya ule wekundu ikachomoza kijani, ikaning'inia juu yetu, ncha zake zikitikisika kama visu. Nikamkumbatia kiunoni, uso wangu mgongoni mwake.

"Maili sitini, Hester!" Lindqvist akapiga kelele. "Maili sitini!" Sauti yake nayo ilitetemeka.

Akapiga tena, na tena. Mbali barafu ilipasuka kwa kishindo, nikajua kaka yangu amekwenda. Hester hakuacha. Ndipo Amaguk akabweka.

Mbwa walitokea ndani ya theluji, sehemu ya nyuma ya sleji imelowa maji ya ule ufa waliouruka. Elias alikuwa ameshika shingo yake kwa mikono miwili. "Mwendawazimu gani anapiga mluzi?" akauliza.

Baridi ilichukua ncha za vidole viwili vya Hester. Mama alisema wafu wamepokea kidogo walichopewa. Hester alimwambia Lindqvist, "Kichwa changu kilikuamini, bwana. Shingo ndiyo ilikataa."

Tangu hapo, kila anga lilipokuwa jekundu na kuna mtu kwenye barafu, Hester alikwenda ufukweni kupiga mluzi. Hakuna siku aliyokwenda bila kutetemeka.

Majira haya ya baridi meno yamemwisha, mluzi umekuwa pumzi tu. Akamwita Putu, mjukuu wake ambaye sasa ni mtu mzima mwenye nyumba na mbwa wake mwenyewe, akampa kisu.

"Watoto ndani kwanza," akamwambia. "Halafu kofia. Halafu vidole."

"Bibi, mimi naogopa."

"Na mimi pia. Haya, lowesha midomo, nikusikie."