Michoro ya Mazuin Imebaki Kiwandani

Mwanangu Mazuin kazi yake ilikuwa kuchora chipu. Si kwa kalamu, kwa kompyuta. Chipu zile zinazofanya picha zitembee kwenye simu na michezo ya vijana. Sehemu yake yeye ilikuwa mwanga, namna jua linavyopiga maji. Akimwona mtu anacheza mchezo fulani humwambia, hayo maji ni yangu. Mimi mwenyewe nilianza kazi hapa kisiwani Penang wakati viwanda bado vinahesabika, nikiunga nyaya za dhahabu nyembamba kuliko unywele, jicho kwenye darubini mchana kutwa, na elimu yangu ya darasa la sita. Kwa hiyo mtu asinieleze chipu ni nini.

Mumewe, Hanafiah, yuko kiwanda cha ng'ambo ya barabara, wapinzani wao wakubwa. Siku ya harusi wajomba walitania kwamba mmoja wa maharusi katumwa kupeleleza. Wenyewe waliwekeana sharti: habari za kazi haziingii nyumbani. Kisiwa hiki kina nyumba nyingi za namna hiyo, na watu hulishika sharti hilo kama wanavyoshika saumu.

Kisha ikatangazwa kwamba viwanda hivyo viwili vitatengeneza chipu za picha kwa pamoja, kila kimoja kikibaki na michoro yake. Jirani yangu Siew Keng akaniuliza wapinzani wanashirikianaje huku wanafichana. Nikamwambia ni kama wauza wali wawili waliokodi duka moja: jiko moja, meza moja, lakini kila mmoja anasaga viungo vyake kwao.

"Na wateja wakipenda mchuzi wa mmoja tu?" akasema.

Nilicheka. Mazuin hakucheka, ila alijipa moyo: wamesema kila mtu na michoro yake, basi kikundi chake cha mwanga kiko salama. Wakati huohuo kampuni moja ya Singapuri ilikuwa inamtaka, ikingoja jibu lake hadi Ijumaa.

Hanafiah alikuwa ameingizwa kwenye chumba cha kupangia chipu hiyo ya pamoja, ambako hata simu huachwa nje. Tangu hapo hamalizi sahani. Mazuin akimwuliza aende au abaki, anajibu, wewe unaonaje, mpaka mke akamwambia anaongea kama mashine ya benki.

Alhamisi nilimbana jikoni. Nikamwambia, mkwe wangu, wewe una jambo.

"Mama, nimetia sahihi," akasema, macho kwenye sinki. "Nikifungua mdomo, kazi yangu imekwenda, na kortini watanipeleka. Na yeye watamwuliza alijuaje."

"Basi usiniambie."

"Sikwambii, Mama."

Hakuniambia, na nikajua. Nilifikiria kumdanganya Mazuin kwamba nimeota ndoto mbaya, lakini yule si mtoto; angejua ndoto imetoka kwa nani. Kesho yake nilikuwa nakaanga samaki, yeye amesimama mlangoni na simu, anawashukuru watu wa Singapuri, anawaambia anabaki. Hanafiah alikuwa mezani anamenya kitunguu. Alikimenya mpaka hakikubaki kitu. Nami nikageuza samaki.

Kabla ya Idi kikundi cha Mazuin kilifungwa. Mkuu wao aliwaambia michoro yote inaendelea kuwa mali ya kampuni, na hakusema uongo: ipo, imefungiwa. Chipu ya pamoja itatumia mwanga wa wale wa ng'ambo. Singapuri nako walishapata mtu mwingine.

Mazuin aliporudi nyumbani siku hiyo alimwuliza mumewe jambo moja tu, kama alijua. Akasema alijua.

"Ungenambia, leo tungekuwa wawili hatuna kazi," akasema Mazuin. "Sina hata wa kumkasirikia."

Ningependa amrushie sahani. Hakurusha. Jumatatu Hanafiah alivaa kadi yake shingoni kurudi kwenye chumba kile, maana mshahara uliobaki nyumbani ni huo. Mazuin akatoka kusogeza gari lake lililokuwa limemzibia mumewe njia, kisha akabaki ameketi ndani yake, injini imezimwa. Nikamwita aje ale. Akasema baadaye.