Barza Isiyo na Paa

Sikuzaliwa na subira, na nyumba ya papa, baba yangu, haikunifundisha. Ilikuwa nyumba ya vyumba viwili, ukuta wa matofali mabichi na paa la mabati, katika mtaa wetu wa waungwana, yaani Waislamu, hapa Kisangani, wakati mji ulikuwa bado unaitwa kwa jina la mzungu. Mchana mabati yale yalikuwa yanalia yenyewe kwa joto. Papa alikuwa fundi wa nguo, na tangu siku ya uhuru alikuwa na wimbo mmoja: sasa nchi ni yetu, tutajenga barza. Barza ya mbao, iliyoinuka juu ya ardhi, mtu anyooshe miguu apate hewa. Mwaka ule kila mtu alikuwa na kitu cha kujenga. Papa alikufa akiwa bado anasema.

Alipokufa, mama akaingia eda. Kwetu sisi Waislamu mjane hukaa ndani miezi minne na siku kumi, na nguo yake nyeupe, hatoki ila kwa dharura kubwa. Hilo halikuwa neno geni. Bibi zetu wote walikaa. Lakini mama alikuwa na pumu, na chumba chake kilikuwa na kidirisha kimoja tu kama cha kuuzia karanga, kwa sababu papa aliogopa wezi kuliko joto. Wiki haikupita akaanza kupumua kama msumeno kwenye mti mbichi. Nilikuwa binti mkubwa na ndimi niliyebaki naye. Nilimpepea kwa ungo mpaka mikono ikafa ganzi, na niliona wazi kwamba chumba kile kitaniulia mama kabla eda haijaisha.

Nikamwendea tonton, ndugu ya papa, aliyekuwa na kiwanja jirani na ambaye sasa nyumba yetu ilikuwa chini ya mkono wake. Nikamwomba amruhusu mama akae uani jioni, hata kidogo.

“Mwenye eda hapana toka inje,” akasema, hata kichwa hakuinua. “Unataka batu baseme nini?”

Tonton hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kuogopa watu, na mtu wa namna hiyo hukuumiza zaidi, maana hana hasira ya kumwishia. Nikamruka, nikaenda kwa mwalimu wa chuo, mzee aliyetufundisha sote kusoma Kurani. Huyo alinisikiliza, akafikiri, akaniuliza kama papa hakuwa na mpango wa barza.

“Kama iko chini ya paa moya na chumba yake, na mulango inatokea mu chumba, ile iko nyumba,” akasema. “Akae pale, avute hewa. Lakini bila paa ile iko inje tu, binti yangu. Mbao tupu haiko nyumba.”

Nilirudi mbio. Hata tonton hakuweza kubishana na mwalimu. Basi tukapanga: barza nyuma ya nyumba, upande wa ua, si mbele kama papa alivyotaka. Mlango utobolewe ukutani kwenye chumba cha mama. Ua wetu uliteremka kwenda kijitoni na mvua ikinyesha ulikuwa ziwa, hivyo sakafu ingesimama juu ya nguzo, kimo cha kiuno. Mabati yaungane na paa la nyumba, yasiachane hata kidole. Mama alitaka upana wa mkeka mmoja tu. Tonton alitaka ipanuke, wageni wake wanaume wapate pa kukaa eda ikiisha. Nilichora kwa mkaa ukutani, nikafuta, nikachora tena, na kila nilipofuta mama alikohoa.

Baiskeli ya papa ikageuka mbao. Hereni za mama zikageuka mabati, na mabati yenyewe yakaegemezwa ukutani yakingoja. Misumari haikupatikana dukani tena. Tulivunja masanduku ya zamani na kunyoosha iliyopinda, mmoja mmoja, juu ya jiwe la kusagia. Ukaja wakati wa kutafuta fundi. Wa kwanza alitaka malipo yote mbele, na macho yake yalikuwa tayari barabarani. Wa pili aliletwa na tonton, na nikamkataa kwa sababu hiyo tu. Wa tatu alikuwa mwanamume mmoja wa makamo, Mkristo, mwenyeji wa Yanonge, aliyekaa ng'ambo ya mto na kufanya kazi miaka mingi kwenye karakana ya wazungu ya kutengeneza meli. Aligonga nguzo zetu kwa kidole, akanusa mbao, akasema bei yake bila kuapa. Huyo nikampenda.

Nikamwambia, papa fundi, kwetu jambo ni paa. Anza na paa.

Akacheka. “Mwana, miye niko mutu wa mashua. Kwa mashua tunaanza na chini. Mutu atasimama wapi? Bon, paa itakuya tu.”

Fundi wa nyumba angesimamisha nguzo, akaezeka, na sakafu ingengoja. Mama angekaa chini ya mabati juu ya udongo mtupu na kupumua. Lakini mtu hufanya kazi kwa mkono aliofundishwa. Fundi wetu akachimbia nguzo, akalaza boriti, akapiga mbao akiacha mwanya wa kupitisha maji kati ya ubao na ubao, kama sitaha ya meli. Akatoboa ukuta, akatia mlango wa komeo. Ilikuwa sakafu nzuri, mtu angeweza kuichezea ngoma. Zilibaki nguzo za juu na mabati, kazi ya siku chache.

Ndipo waasi wakaingia mjini.

Sitasimulia vita, wapo wanaojua kuisimulia kuliko mimi. Kwetu vita ilikuwa hivi: asubuhi moja mtaa ulinyamaza, duka likafungwa, na kivuko cha mto kikasimamishwa. Fundi alikuwa uani kwetu na sanduku lake la zana. Hakuweza kurudi ng'ambo kwake. Tena ikasikika kwamba vijana wale wenye silaha walikuwa wanapita nyumba kwa nyumba wakitafuta waliokuwa wakifanya kazi kwa wazungu. Mtu akikamatwa alipelekwa, na waliopelekwa hatukuwaona tena.

“Sasa muji muzima iko mu eda,” mama akasema kutoka chumbani. Alicheka, kicheko kikageuka kikohozi.

Fundi alale wapi? Mwanamume mgeni ndani ya nyumba ya mjane mwenye eda, na wanawake wawili peke yao! Tonton alishika kichwa. Kwake hakumtaka, alikuwa na watoto, aliogopa. Mwishowe akakumbuka neno la mwalimu na kulishika kama mtu aliyeokota ufunguo: sakafu ile haina paa, kwa hiyo iko nje, kwa hiyo fundi alale pale, na mlango ufungwe kwa komeo upande wa mama. Siku paa litakapowekwa itakuwa ndani, na fundi lazima aondoke.

Mtu yeyote mwenye akili angeona mtego hapo hapo. Mimi sikuuona. Niliona fundi tu, ambaye ghafla mikono yake ilikuwa mizito. Leo nguzo imepinda, iondolewe. Kesho msumari hautoshi. Keshokutwa anaona mvua mbinguni, na mbingu nyeupe! Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu alikuwa na msumeno mkononi na hautembei. Chini ya kidirisha cha mama nilisikia pumzi yake ikipanda na kushuka, na mabati yameegemea ukuta ule ule. Asubuhi moja nilimwita fundi mwongo. Nilimwambia kesho ya fundi haina mwisho, mama yangu anakufa kwa ajili ya uvivu wako.

Aliweka nyundo chini, akakaa juu ya mbao.

“Mwana, nikifunga ile paa leo, jioni minaenda wapi?”

Nilisimama pale na hasira yangu, sina wa kumpa. Fundi hakuwa na kosa, mama hakuwa na kosa, na bado mmoja angekosa hewa au mwingine angekosa uhai. Nilimchukia tonton, nikawachukia vijana wenye bunduki, na Mungu anisamehe, nikaichukia eda. Mama alikuwa amesikia yote, kwa maana ukuta wetu haukuwa na siri.

“Aache paa,” akasema. “Aache vile iko.”

Nikamwambia, mama, huwezi.

“Nani alikuambia siwezi? Unipepee tu.”

Nikampepea. Wiki zilipita hivyo, fundi juu ya mbao na mama nyuma ya mlango, hawajaonana hata mara moja. Wakati mwingine mama alimwita fundi kupitia mlango amwambie habari za mto, maji yako wapi, samaki gani wanapanda. Fundi alimwita “mama mukubwa” na kumjibu kwa adabu. Nilipika sombe ya majani ya muhogo, nikawapa kila mmoja upande wake.

Walikuja baada ya sala ya alasiri. Nilikuwa uani nikitwanga, nikawaona wakipita pembeni mwa nyumba: vijana watatu, majani kichwani, wadogo kuliko mimi, na bunduki moja kati yao. Fundi alikuwa ameteleza chini ya sakafu kabla sijageuka. Wakauliza yuko wapi mtu wa wazungu. Nikasema simjui. Waliona sanduku la zana, waliona mbao mpya, na mkubwa wao akaanza kuinama achungulie chini.

Komeo likalia. Mlango wa chumba ukafunguka na mama akatoka.

Alikuwa amekonda, nguo nyeupe toka kichwani mpaka miguuni, macho yamefinywa na jua ambalo hakuwa ameliona tangu tulipomzika papa. Alitembea mpaka ukingo wa barza, akakaa na kuning'iniza miguu mbele ya uso wa yule kijana. Kijana akaruka nyuma. Sote mjini tulijua habari ya dawa yao: waliamini imewakinga na risasi, na mwanamke akimgusa mmoja wao dawa inavunjika.

“Mama, rudi mu nyumba!”

“Nilikuwa nafuata hewa,” mama akasema, akipumua kwa shida. “Alors, minachoka. Miguu haina nguvu.” Akanyoosha mkono wake kwao, kiganja juu. “Batoto yangu, muniinue. Munishike mukono, nirudie.”

Hawakumshika. Alimgeukia kila mmoja, mkono mbele, akiomba kwa sauti tamu kama mtu anayegawa chakula, na kila mmoja alirudi hatua. Yule mwenye bunduki alitema mate, akasema nyumba hii ina mkosi. Wakaondoka kama walivyokuja, pembeni mwa ukuta.

Nilipoweza kusogea nilimkimbilia. Nikamwambia, mama, ingia upesi, kabla tonton hajaona, kabla jirani hawajaona.

Hakusogea. Alikuwa ameinua uso, mdomo wazi kidogo, kifua kinapanda polepole bila kelele.

“Nimekwisha kutoka,” akasema. “Acha nitoke muzuri.”

Alikaa pale mpaka adhana ya magharibi. Fundi alikuwa chini yake, mimi kando yake. Kisha aliinuka mwenyewe, akaingia, na komeo likalia tena.

Fundi aliondoka siku ya pili na wauza mbao waliokuwa wakijificha kurudi Yanonge kwa mtumbwi. Aliacha sanduku lake. Mabati hayakungoja mtu mwingine wa kuyapiga: wenye silaha walirudi wakayabeba kufunikia kizuizi chao cha barabarani. Kwa hiyo barza ilibaki bila paa, na kwa hesabu za wakubwa wangu ilibaki nje.

Jirani walikuwa wameona. Tonton alikuja na uso wa msiba, akasema mjane amekaa hadharani, ametazamwa na wanaume, eda imevunjika, aianze upya tangu mwanzo. Nilikwenda kwa mwalimu. Mwalimu akasema si kweli, aliyetoka kwa dharura ya roho ya mtu hana kosa, eda yake inaendelea. Nililirudisha neno hilo nikikimbia, nikalitupa miguuni mwa tonton. Akasema mwalimu hakai mtaani kwetu, watu ndio wanaokaa. Na nyumba ilikuwa mkononi mwake. Nilimwambia maneno ambayo binti hamwambii ndugu ya baba yake, na siyajutii.

Mama ndiye aliyekata shauri. Alisema ataanza upya.

Nililia kwa hasira. Eda ile ya pili haijaisha, ndege za vita zilikuja, bunduki zikajibu siku nzima, watu wa mtaa wakakimbilia msitu wa Masako na vitanda vyao kichwani. Yeye hakutoka, na mimi sikumwacha. Tulilala chini ya kitanda, mabati ya nyumba yakitobolewa na risasi juu yetu, na hatua tatu kutoka pale kulikuwa na sakafu nzuri kuliko zote mtaani, haina mtu. Usiku alikohoa ndani ya mto wa kulalia ili nisisikie. Nilisikia.

Siku za eda zilipoisha alioga, akavaa kitenge, nikafungua mlango wa barza na kutandika mkeka. Nilikuwa nimeifagia tangu alfajiri. Aliitazama, akavuka mbao zile bila kusimama, akashuka, akapita uani mpaka barabarani na kuendelea kuteremka kuelekea mtoni, polepole, akipumzika kwenye kila mti. Nilimfuata. Ukingoni alikaa juu ya udongo mtupu.

Nikamwuliza kwa nini hakukaa barzani, hewa ni ile ile.

“Pale nilishakaa,” akasema. “Leo nimetoka.”