Mtoto Asiyemeza Mate Yake

Siku ile naikumbuka, mwanangu, kuliko hata siku ya arusi yangu. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nauza nyanya sokoni Kongowea, Mombasa, na mdomo wangu haukuwa na hatamu.

Wifi yangu Sidi, mke wa kaka yangu Karisa, alishikwa na uchungu ghafla akajifungulia chumbani kwao Bombolulu. Binti, tena mzuri. Ila mate ya povu yalimtoka bila kukoma, na kila akitiwa titi alipaliwa, midomo ikageuka rangi. Nami, mjuzi wa kila kitu, nikampa kijiko cha maji ya sukari. Akakata pumzi. Tulimpigapiga mgongoni mpaka akalia tena.

Hapo nikatamka neno ambalo hadi leo linanichoma. Kwetu Wagiriama, mtoto akiwa mgonjwa namna isiyoeleweka husemwa ana chirwa, yaani mzazi mmoja ametoka nje ya ndoa. Nikasema mbele ya majirani, "Hii ni chirwa. Sidi aulizwe." Karisa, badala ya kukimbilia hospitali, akapanda gari kwenda Kaloleni kumwita mganga. Nikajifariji kwa methali, lisemwalo lipo. Methali nayo, mwanangu, ukiishika vibaya hukata.

Alikuwepo jirani yetu mmoja, Mama Tabu, mkunga mstaafu. Alikuja adhuhuri, akamtazama mtoto, kisha akanigeukia.

"Kadzo, wewe umeona chirwa, mimi nimeona mate. Mtoto asiyeweza kumeza hata mate yake, unampa maji?"

Akaniamrisha nimbebe mtoto kichwa kikiwa juu, asipewe kitu kinywani, tukavuka daraja pamoja na Sidi kwenda hospitali.

Daktari alituchorea nyuma ya karatasi. Alisema mimba ikiwa na wiki chache, njia ya chakula na njia ya pumzi ni mrija mmoja tu. Chembe za mwili hupelekeana ujumbe: za mbele huambiwa ziwe njia ya pumzi, za nyuma ziwe njia ya chakula, kisha mrija ugawanyike. Ujumbe ukipungua au ukichelewa, haugawanyiki sawasawa. Njia ya chakula ya mtoto wetu ilikuwa imeziba juu, na kipande cha chini kimeungana na njia ya pumzi.

Sidi akauliza kwa sauti ndogo, "Ni kitu nilichofanya?"

"Hapana, mama," daktari akasema. "Wakati huo pengine hata hukujua una mimba."

Sidi akanitazama. "Wifi, mwanangu alikuwa akifa, nawe wanihesabia wanaume."

Nililia kuliko yeye. Madaktari walimpasua mtoto siku ya pili, Mungu akasaidia. Karisa alirudi na mganga akakuta chumba kitupu, na ilimchukua miaka kumtazama mkewe bila kuona haya. Sidi alinisamehe, lakini polepole, naye alikuwa na haki.

Mbodze, mtoto yule, sasa ni mtu mzima. Ana kovu chini ya kwapa, hula taratibu, na kikohozi chake kikavu nikikisikia naachia chochote nilichoshika. Mwezi uliopita tulikuwa tukiambua mbaazi, naye ana mimba yake ya kwanza.

"Shangazi, wangu naye akizaliwa hivi, watu watasema nini?"

Nikamweleza walichosema siku ile, na nani aliyeanza. Akaacha kuambua.

"Basi siku hiyo ukae mlangoni, shangazi. Atakayetaka kusema, aanze na wewe."

Nimekubali. Ndiyo kazi yangu sasa.

Basi nakuusia, mwanangu. Mtoto akizaliwa na kasoro, usimtafute mkosaji, tafuta daktari. Povu likimtoka na akapaliwa, usimpe maji wala uji, mkimbize. Na mama yake mshike mkono, maana tumbo halimwombi mtu ruhusa. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Mimi niliyejikwaa nakuambia ni kweli.

Mungu akupe ulimi mzito na miguu myepesi, na kila utakayempakata ameze salama.