Monari, Mtangaza Filamu wa Migori

Kabla simu hazijaenea, trela ya filamu mjini Migori ilikuwa Monari mwenyewe. Alizunguka sokoni na kipaza sauti begani, akiwasimulia watu kwa Kiswahili na Kijaluo picha itakayoonyeshwa jioni kwenye ukumbi wa video: nani ametekwa, nani anakuja kulipiza kisasi. Akifika pale pa moto anakatiza. "Mengine njooni mjionee!" Wauza dagaa wa omena walimtukana huku wakicheka, na jioni ukumbi ulijaa.

Zikaja kanda za video zenye trela mwanzoni, na sauti ya Mzungu iliyonguruma kama radi. Monari akaiiga hadi akaipita. Zikaja diski, kisha simu. Vijana wakawa wanatazama trela wakisubiri abiria kwenye bodaboda: dakika mbili zenye milipuko yote, hata kifo cha stelingi, shujaa mwenyewe. Ukumbi ulifungwa mwaka ambao bintiye, Beverlyne, aliingia sekondari.

Monari akaenda Masara, kwenye machimbo ya dhahabu, akapata kazi ya kusaga mawe. Alisaga miaka tisa, mdomo akiufunga kitambaa siku alizokumbuka. Kikohozi kilipoanza alisema ni baridi tu.

Februari hii Beverlyne alimpeleka Homa Bay kupigwa picha ya kifua. Daktari aliiinua kwenye mwanga wa dirisha.

"Mzee, vumbi limeacha makovu kwenye mapafu yote. Mapafu hayatarudi yalivyokuwa. Tutakulaza, tukuwekee oksijeni."

"Na sauti yangu?"

Daktari akamtazama Beverlyne.

Wodini, Beverlyne alimwekea trela kwenye simu ili saa zisogee. Siku moja walitazama ya mwanamke aliyeachwa peke yake kisiwani. Ilipoisha, Monari alivuta barakoa ya oksijeni kando.

"Wamesema... yote. Wamemaliza utamu."

"Baba, usiongee. Utachoka."

"Sikia. Ingekuwa hivi." Akanyanyua kidevu. "Mama mmoja... kisiwani... maji yanapanda..."

Kikohozi kikamkamata. Alikunjika, midomo ikabadilika rangi, na Beverlyne akakimbia kumwita nesi. Walipomrudishia barakoa, wagonjwa wa vitanda vya jirani walikuwa wamegeukia ukuta.

Hakujaribu tena. Alikufa Jumatano asubuhi, Beverlyne akiwa nje kumnunulia uji.