Waumbaji wa Kaka Yangu

Kitabu kile kaka alikiokota kwenye lundo la mitumba siku ya gulio pale Same, katikati ya makoti mazito ya Ulaya ambayo hakuna mtu wa tambarare angeyavaa. Nasema alikiokota kwa sababu muuzaji hakujisumbua hata kukitajia bei. Kilikuwa kimekuja ndani ya robota kama takataka, hakina jalada, na kurasa kadhaa zilikuwa zimenyofoka, kwa hiyo hatukuwahi kujua nani alikiandika. Kilikuwa cha Kiingereza. Kaka alikisoma kwa kamusi, neno kwa neno, kwenye kibanda chake cha kutengeneza redio karibu na stendi, na wateja wake walipokuja kuulizia redio zao waliambiwa warudi kesho. Alipokimaliza alikuwa mtu mwingine.

Kitabu kilisema binadamu hakuumbwa na Mungu wala hakutokana na nyani. Tulitengenezwa na watu, watu kabisa wenye mikono na miguu, waliotoka nyota ya mbali wakiwa na vyombo vyao, wakafanya kazi yao ya maabara hapa duniani, kisha wakaondoka. Siku moja watarudi. Na wakirudi wataweza kumtengeneza upya mtu yeyote aliyewahi kuishi, mradi wapate kipande kidogo cha mwili wake.

Mimi ni muuguzi, na wakati ule nilikuwa bado naringia sare yangu. Baba alikuwa mzee wa kanisa kijijini kwetu, mlimani juu ya Kisiwani. Basi familia moja ikawa na kanisa, hospitali na chombo cha angani. Majirani walicheka, na mimi nilicheka nao, mpaka nilipofikiria vizuri lile sharti la kipande cha mwili. Hapo nikaelewa kaka alikuwa anatafuta nini, na kicheko kikanikauka.

Mtoto wake wa pekee alikuwa amefariki mwaka huohuo.

Niseme alivyofariki, maana mengine yote yanatoka hapo. Miaka ile kila kitu kilikuwa cha kubahatisha. Tulikuwa tumetoka kwenye foleni za sukari na sabuni, tukaingia kwenye ruksa, ile enzi ya biashara huria. Maduka ya Same yalijaa vitu na watu wakapunguzwa kazi, kaka akiwa mmoja wao. Alikuwa fundi wa jenereta kwenye shamba la mkonge, akarudi nyumbani na sanduku la vifaa. Kwenye kituo cha afya nilikofanya kazi kule bondeni, leo tulikuwa na dawa, kesho tulikuwa na makopo yake. Lakini siku baba aliposhuka mlimani na mjukuu wake mgongoni, mtoto ana degedege, wifi yangu anakimbia nyuma yao bila viatu, kila kitu kilikuwepo. Kwinini ilikuwepo, dripu ilikuwepo, daktari alikuwepo na alikuja mara moja. Nilimvua mtoto kofia yake ya sufu, ile aliyofumiwa na mama yake kwa ajili ya baridi ya mlimani, nikampa baba aishike. Nikamnyoa upande mmoja wa kichwa kutafuta mshipa, na nikaupata kwa sindano ya kwanza. Baba alisali. Mchungaji naye akaja akasali. Alasiri mtoto akafia mikononi mwangu.

Ingekuwa dawa ilikosekana, kaka angepata wa kumchukia, na pengine angepona. Alikuja jioni kutoka kibandani, akaniuliza, "Mlifanya yote?" Nikasema tulifanya yote. Akamgeukia baba. "Na nyinyi mliomba kweli?" Baba akasema waliomba kweli. Kaka akatikisa kichwa kama mtu aliyepewa chenji sahihi asiweze kugomba. Naamini ndipo alipotuacha sisi wote wawili, mimi na baba, kwa wakati mmoja.

Tulipogawa nguo za mtoto, kofia haikuonekana. Wifi aliitafuta mpaka uvunguni mwa vitanda. Tukasema itakuwa ilibaki hospitali, na mambo yakaishia hapo.

Kitabu kilipopatikana, Jumapili zetu zikageuka. Nilikuwa nikipanda mlimani siku nisizokuwa na zamu, na baada ya ibada tulikaa uani kwa baba tukila makande. Kaka hakuwa anaingia kanisani tena, lakini makande hakuyasusa, na mjadala ulianza kabla sahani hazijapoa.

"Shikamoo baba. Leo nimekuja na swali."

"Marahaba. Kula kwanza."

"Hayo magari ya moto yaliyoshuka kutoka mbinguni, ya kwenye maandiko. Moto, moshi, ngurumo. Hiyo ni injini, baba. Mimi nimeishi na injini."

"Kwa hiyo malaika nao wanatumia dizeli," baba alisema, na wifi akacheka kwa mara ya kwanza tangu msiba.

Nikaona nami niingie, nimmalize. "Haya kaka, hao watu wako wa nyotani wenyewe waliumbwa na nani?"

"Na Mungu wa baba aliumbwa na nani? Mbona huyo humuulizi?"

Baba akaweka kijiko chini akanitazama, akisubiri nimtetee Mungu. Nikaparamia mambo ya mageuzi ya viumbe niliyosomeshwa chuoni nusunusu, nikayavuruga, nikajikuta naeleza habari za samaki. Baba alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho.

"Nimeelewa," alisema. "Babu yako wewe ni samaki. Babu yake huyu ni mwanaanga. Nimebaki mimi peke yangu mwenye babu Mpare."

Tulicheka mpaka jirani akachungulia. Ningependa kusimulia kwamba tuliendelea hivyo, tukicheka na kubishana, lakini haikuwa hivyo. Kaka hakuwa anabishana. Alikuwa anaomba ruhusa, na sisi tulikuwa hatujasikia.

Ruhusa yenyewe aliitaja kwenye ndiva, lile bwawa letu la kukusanyia maji ya mfereji, ambalo kila familia hulifungulia kwa zamu. Zamu yetu ilikuwa imefika, lakini bwawa lilikuwa halijajaa kwa sababu mvua zilikuwa haba, kwa hiyo tulikaa ukingoni kusubiri. Wifi alikuwa anazibua mfereji kwa jembe.

"Baba," kaka alisema, "wazee wetu walikuwa wanafukua vichwa."

Baba aliangalia kwanza nani yuko karibu. Kwetu kila mtu anajua habari hiyo na hakuna mzee wa kanisa anayeizungumza. Zamani mtu mzima akizikwa, muda ukipita ukoo ulilitoa fuvu lake, likawekwa kwenye chungu msituni pamoja na ya waliomtangulia. Ubatizo ulipokuja, mambo hayo yakaachwa, angalau mdomoni. Baba mwenyewe akiwa mdogo alimwona baba yake akibeba kichwa cha babu kuelekea msituni.

"Kwa nini kichwa?" kaka aliendelea. "Kwa nini wasitunze fimbo yake, au kigoda chake? Ni kwa sababu waliambiwa, baba. Waliotutengeneza waliwaambia: tutunzieni vichwa, tutarudi. Sababu ikasahaulika, desturi ikabaki. Nataka kumtoa mwanangu kabla udongo haujammaliza. Nimweke pakavu."

Baba alisimama.

"Mtoto hafukuliwi!" alisema, na waliokuwa wanasubiri zamu ng'ambo ya bwawa wakageuka. "Anafukuliwa mtu mzima, aliyeacha watoto wa kumkumbuka. Mtoto anaachwa apumzike. Hao wazee unaowasema wangekulaani!"

Kisha akasikia mwenyewe alichosema. Mzee wa kanisa alikuwa amemjibu mwanawe kwa sheria ya msituni, na wala si kwa neno la Mungu. Akakaa polepole. Kaka hakumcheka wala hakumnasa kwa hilo. Alimtazama tu kwa huruma, na huruma ile iliniumiza kuliko ubishi wote uliotangulia.

Wifi akaacha kulima mfereji. "Wakimtengeneza upya," aliuliza, akitazama maji, "atanijua?"

Kaka naye aliyatazama maji. "Labda iliandikwa kwenye zile kurasa zilizonyofoka," alisema.

Mimi mwenye cheti, baba mwenye kanisa, kaka mwenye kitabu, wote tulikuwa tumeshindwa na swali la mwanamke mwenye jembe. Bwawa lilipojaa tulifungulia, tukanywesha mahindi, tukarudi nyumbani.

Baba alishuka Same akanunua saruji. Zamani ungezunguka ofisi kutafuta kibali cha mfuko mmoja. Sasa ilikuwa imepangwa dukani mpaka nje, na nadhani hiyo ndiyo faida pekee ya ruksa ambayo baba aliwahi kuitumia. Alisema kaburi la mtoto lisakafiwe, wanyama wasilifukue. Hatukuuliza wanyama gani. Aliyechanganya saruji alikuwa kaka mwenyewe, maana kumkatalia baba hakuweza, na kufanya kazi mbaya hakuweza pia. Alilisakafia vizuri, akalilainisha kwa ubao, machozi yakimtoka bila sauti. Kazi yangu ilikuwa kuchota maji. Nilichota.

Baada ya hapo kaka alikuja kituo cha afya. Alipanga foleni na wagonjwa kama mtu baki, na zamu yake ilipofika akainama kwenye meza yangu.

"Zile nywele, dada. Ulizomnyoa. Mlizitupa wapi?"

Nilimwambia ukweli: zilifagiliwa na pamba zilizotumika, zikachomwa kwenye shimo nyuma ya jengo. Akaomba nimwonyeshe shimo. Nikamwonyesha. Alisimama pale juu ya jivu la wiki nyingi.

"Hata moja?"

Nimewapa watu wengi habari za misiba, na huwa nina maneno yangu niliyoyazoea. Siku ile nilimshika mkono tu, nikamrudisha mpaka barabarani kama mgonjwa anayeruhusiwa kabla hajapona.

Kibanda hakukifungua tena. Alipanda nyumbani, akawa anakaa kando ya ile sakafu mpya na redio mapajani, imewekwa katikati ya stesheni, inachemka tu. Alisema hajachanganyikiwa, anasikiliza. Chakula alikigusa akakiacha, na sasa hata makande. Nilimletea vidonge vya usingizi, akanishukuru, akavipanga dirishani. Nilimletea maneno, akayasikiliza yote. Wazee wenzake baba walikuja kusema kwamba mtu wa namna ile atatengwa na meza ya Bwana. "Hajakaribia meza hiyo tangu amzike mwanawe," baba aliwajibu. "Mtamtenga na nini?" Wakaondoka wameudhika.

Nilimwona kaka akikonda Jumapili hadi Jumapili, shati likizidi kuwa kubwa. Nilishawahi kuwaona wodini watu wa namna hiyo, wasio na homa wala kidonda, ambao wameamua tu kugeukia ukuta, na nilijua wanakoishia. Kitaalamu sikuwa na kitu. Nilikuwa na hasira, hasira kubwa, kwa kitabu kile, kwa aliyekiandika akiwa ameshiba mahali fulani, kwa robota lililokileta mpaka Same, na hasira haikunisaidia lolote.

Halafu alasiri moja baba alitoka ndani na mkoba wake wa kanisani. Tulikuwa uani sote. Akaufungua, akasogeza miwani na vitabu vyake pembeni, akatoa kofia ya sufu.

Wifi alishika mdomo.

"Ulinipa niishike," baba aliniambia mimi, kwa ukali, kana kwamba nimemshtaki. "Hukuniambia niirudishe."

Kumbe alikuwa akienda nayo kanisani kila Jumapili. Alikaa mbele na wazee, akaimba na kusali, na kofia iko mkobani chini ya kiti chake. Akamwendea kaka.

"Siamini hata neno moja la kitabu chako," alisema. "Mwanao yuko kwa Bwana, na huko ndiko nitakakomkuta. Chukua."

Kaka alizima redio. Akaipokea kofia kwa mikono miwili, akaigeuza ndani nje, akaiinua kwenye jua. Kwenye nyuzi za sufu zilikuwa zimenasa nywele chache, fupi, nyeusi. Aliziangalia sana. Kisha akaniinulia macho, na baba akanitazama, na wifi akanitazama.

"Wewe ndiye mtu wa sayansi," kaka alisema. "Zinatosha?"

Nilijua jibu. Nililijua vizuri, na nilikuwa nimelisema Jumapili nyingi kwa sauti kubwa, nikiwa nimeshiba.

"Ziweke mahali pakavu," nikasema. "Zisipate unyevu."

Wifi akaingia jikoni, akatoka na chungu kidogo chenye kifuniko. Kaka alikunja kofia polepole, akaisukuma ndani kwa mkono mmoja, na chungu kikawa kinamkwepa. Baba ndiye aliyesogea akakishika.